SOMO: Inhela ya pumu, ya dharura na ya kila siku, unazitumia sawasawa?

Habari zenu wapendwa, mi mwenyewe nina pumu na kwa miaka mingi nilikuwa nabonyeza tu, dawa inaishia kwenye ulimi, naisikia uchungu wake kabisa, halafu nasema inhela haifanyi kazi. Kumbe mkono na pumzi vilikuwa haviendi pamoja.

Kwanza tuzitofautishe. Ya dharura ni salbutamol, mara nyingi ya bluu, inalegeza misuli iliyobana njia ya hewa, dakika chache tu unapata nafuu na inakaa kama saa 4 hadi 6. Ya kila siku ina steroidi kama beclometasone, mara nyingi ya kahawia, hii inapunguza uvimbe wa njia ya hewa pole pole, siku kadhaa mpaka wiki, ndo maana watu hawaoni kitu wanaiacha, na hapo ndo pumu inaporudi na nguvu. Rangi zinabadilika, soma jina.

Sasa hatua. Toa kifuniko, tikisa vizuri (ikiwa mpya au imekaa muda pulizia hewani kwanza). Toa pumzi yote nje, mbali na inhela. Bana midomo kuzunguka mdomo wa inhela, anza kuvuta hewa TARATIBU na hapo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta mpaka mwisho. Ukiona moshi unatoka pembeni ya midomo jua dawa imepotea. Zuia pumzi sekunde 10 au unavyoweza. Kwa bonyezo la pili subiri nusu dakika hadi moja, tikisa tena. Ukitumia ya steroidi sukutua maji uteme, la sivyo unaweza kupata utando mweupe wa fangasi mdomoni.

MASWALI

Naskia vizuri tu, niache ya kila siku?
Hapana ndugu yangu, unaskia vizuri kwa sababu yake. Kupunguza ni kwa daktari.

Natumia ya bluu karibu kila siku, ni sawa?
Sio sawa, ukizidisha mara 2 kwa wiki pumu haijatulia, rudi ukaonwe.

Nikiitumbukiza kwenye maji ikielea si imeisha?
Kipimo hicho kinadanganya. Nyingi zina mibonyezo 200, kama haina namba ya kuonyesha iliyobaki hesabu mwenyewe, maana gesi inaendelea kutoka hata dawa ikiisha.

Mtoto wangu hawezi kuvuta na kubonyeza pamoja.
Mama, tafuta spesa (chombo cha plastiki kinachochomekwa kwenye inhela, dawa inakaa humo mtoto anaivuta), mdogo awe na maski iliyobana vizuri usoni, bonyeza moja apumue mara 5 kawaida. Akiwa analia dawa kidogo sana inafika, mbembeleze kwanza.

Nikibanwa ghafla je?
Kaa wima usilale, bonyezo 1 la salbutamol kila sekunde 30 hadi 60, mwisho 10, isipokuwa daktari kakupangia vingine. Hupati nafuu, au huwezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo inageuka bluu, hospitali saa hiyo hiyo, usingoje zifike 10, na njiani endelea kubonyeza.