"Mkongojo Tu": Mambo ya Kuangalia Kabla Hujampokea Mkazi

Wakenya wenzangu mlio jimbo la Washington, mnaofungua nyumba za kutunzia wazee kila kukicha, Kent, Federal Way na Tacoma, haya ni yenu. Leseni umepata, vitanda umetandika, kila chumba kina king'ora cha moshi. Vizuri. Sasa tulia kidogo kabla hujavijaza hivyo vitanda.

Yaliyo wazi nayapitia mbio. Usizidishe idadi iliyo kwenye leseni: kwa kawaida mwisho ni wakazi sita, wanane kwa aliyeomba akakubaliwa. Chumba cha mtu mmoja kisipungue futi 80 za mraba. Maji ya moto yasizidi nyuzi 120 za Fahrenheit. Ngozi ya mzee huungua upesi kuliko yako. Dawa zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo usitundikwe kwenye msumari kando ya kabati lenyewe (nimeuona, tena si mara moja). Vihita vya kuchomeka kwenye umeme viache dukani. Na hakuna kumfunga mtu kwenye kiti, hata kama binti yake ndiye anayekuomba.

Tathmini je? Kabla mkazi hajaingia uwe nayo mkononi, kwa maandishi: maradhi, dawa, tabia, anasaidiwa nini, nani anamwamulia mambo. Isome. Yote. Mimi sikuisoma yote.

Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Chumba changu cha ghorofani kilikuwa kimekaa kitupu miezi miwili, na benki haijui habari za chumba kitupu. Simu ikaingia kutoka hospitali moja: mzee wa watu, mpole, anakula mwenyewe, anatembea mwenyewe, na mkongojo tu. Zikaja kurasa kumi na nne za tathmini yake. Nikasoma za dawa, zilizobaki nikaziahirisha hadi Jumatatu. Jumamosi mzee akalala juu.

Sasa sikiliza. Kwa habari ya moto, kanuni za Washington zinawagawa wakazi mafungu mawili: anayetoka mwenyewe, na anayehitaji msaada. Anayetoka mwenyewe ni yule ambaye ukimwambia mara moja "toka nje," anatoka. Anayehitaji kushikwa, au kifaa cha kutembelea, yuko fungu la pili, na huyo chumba chake kiwe chini, usawa wa ardhi, atoke bila kukanyaga ngazi. Nyumba nzima iwe nje ndani ya dakika tano. Lile neno "tu" la kwenye simu ndilo lililonimaliza.

Zoezi la moto ni kila miezi miwili. Letu nilibonyeza king'ora saa nne asubuhi. Dakika tatu hazijaisha, wenzake walikuwa wamesimama kwenye sanduku la barua, mmoja na ndara za chumbani. Mzee nilimkuta ameketi ngazi ya nne kutoka juu, mikono yote miwili imeng'ang'ania reli, mkongojo umeshateleza hadi chini. "Niko sawa," ananiambia, "wewe tangulia." Dakika saba na sekunde arobaini, na tulikuwa wahudumu wawili. Usiku huwa mmoja.

Nikanunua kiti cha umeme cha kupandishia ngazi. Pesa si kidogo. Mkaguzi alipokuja akakitazama, akaniambia kwa upole kwamba hakihesabiki. Akaniandikia kosa, na ripoti hizo ziko wazi mtandaoni, kila mtoto anayemtafutia mamake nyumba anazisoma. Nikamwomba bibi wa chumba cha chini wabadilishane. Akakataa, na ni haki yake. Miaka mitatu ametundika chombo cha mbegu za ndege nje ya dirisha lile. Kumwondoa mzee nako si kumwambia mgeni kwaheri: ni notisi ya maandishi ya siku 30, yenye sababu, baada ya kujaribu kwanza kumfaa. Kila usiku wa siku hizo nililala kwenye godoro mlangoni pake. Siku ya kuhama binti yake hakunigombeza. Alifunga begi la babake, akasema, "Lakini ulisema unaweza."

Kwenye ukurasa wa tisa ilikuwa imeandikwa: ngazi, ashikwe.

Siku hizi simpokei mtu ambaye sijamwona akisimama. Naenda hospitali mwenyewe, namwomba anyanyuke, avae viatu, afike mlangoni, nami nina saa mkononi. Halafu nawafikiria waliomo tayari: anayezurura usiku akifungua milango simweki karibu na bibi anayeshtuka usingizini. Wakikuharakisha Ijumaa jioni, uliza kwa nini Ijumaa. Kagua njia ya nje kabla barafu haijashika, na betri za tochi, na kama geti la nyuma linafunguka kwa mkono mmoja huku wa pili umemshika mtu, na kama kweli mhudumu wa usiku huwa macho.