Kupiga picha na kamera ya mkanda bila kuitegemea mita

Watu wengi wananunua kamera ya mkanda, wanapiga roli moja macho yote kwenye mita (kile kipima mwanga cha kamera), picha zinatoka vizuri tu lakini raha hawaioni na kamera inaishia kabatini. Kwangu mimi raha inaanza pale unapoanza kuusoma mwanga mwenyewe. Fanya hivi:

1. Tafuta kamera ambayo shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) inafyatuka hata bila betri. Pentax K1000, Nikon FM2, Olympus OM-1, zote hizo betri ni ya mita tu. Canon AE-1 ni nzuri sana ila betri ikiisha haipigi, kwa hiyo kwa zoezi hili iache. Lenzi moja inatosha, 50mm.

2. Weka mkanda wa ISO 400 (ISO ni wepesi wa mkanda kushika mwanga), mfano Ilford HP5. Ingiza ncha, vuta leva, hakikisha meno yameshika matundu ya pande zote mbili ndo ufunge mgongo. Halafu zungusha taratibu kile kishikio cha kurudishia mkanda mpaka kikaze, na sasa kila ukivuta leva kikitazame: lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka mkanda haujashika, utapiga picha 36 na hutapata hata moja!

3. Hapa ndo penyewe. Kwenye jua kali weka apacha (tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) f/16, na shata iwe namba iliyo karibu na ISO yako, yaani kwa 400 unaweka 1/500 ya sekunde. Usiguse shata tena, badilisha apacha tu. Utajuaje? Nyoosha mkono uangalie kivuli chake chini. Kingo zikikatika kali kabisa ni f/16, zikiwa laini f/11, kivuli kikionekana kwa shida f/8, kisipokuwepo kabisa f/5.6. Unayempiga akiwa kivulini wakati jua linawaka nje, f/4. Kisia kwanza ndo uchungulie mita, na baada ya muda utashangaa mnavyokubaliana. Ukiwa na wasiwasi ongeza mwanga, manake negativu (mkanda uliosafishwa) inavumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua.

4. Weka fokasi kabla. Kwa 50mm ukiweka f/8 na umbali wa mita 3, kila kitu kuanzia kama mita 2.3 hadi 4.2 kitakuwa safi, mistari ya kwenye lenzi yenyewe inakuonyesha. Sasa huna haja ya kuhangaika na ringi, unamsubiri mtu aingie kwenye huo umbali, macho yako yanabaki usoni kwake, unaona anavyotaka kucheka kabla hajacheka. Mimi hapa ndo huwa nasahau muda jamani.

5. Andika kwenye kidaftari namba ya picha, apacha na hali ya mwanga. Neno moja moja tu.

6. Mkanda ukiisha bonyeza kitufe cha chini, urudishe mpaka usikie umelegea, ndo ufungue.

7. Wakishasafisha mkanda studio, waombe negativu zako. Usianze na picha zilizoskaniwa kwa sababu skana inarekebisha mwanga yenyewe. Shika negativu dirishani, kidaftari pembeni. Sehemu zilizokuwa na giza zikiwa nyeupe tupu hazina hata alama, mwanga ulikuwa mdogo, na ukiona hivyo kwenye picha zako nyingi za kivulini, roli inayofuata ukifika kivulini fungua apacha stopu moja zaidi, yaani hatua moja, kama kutoka f/4 kwenda f/2.8.