Gari lililoinuliwa linatetemeka kuanzia 80: tafuta kinachozunguka kabla hujanunua spea

Hilux, Prado au Land Cruiser iliyoinuliwa na kuvalishwa tairi za 285/75R16 hupita tope la Rungwe bila shida, halafu ikifika lami ya Chimala usukani unaanza kucheza. Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea: leo shokapu, kesho tai rodi, keshokutwa stelingi dampa (shokapu ya usukani), na mtetemo uko palepale. Mtetemo wa mwendo kasi unatoka kwenye kitu kinachozunguka, na kila kinachozunguka kina kasi yake. Ukiijua kasi hiyo utakuwa umeondoa nusu ya washukiwa kabla hujashika spana.

Tairi ya 285/75R16 ina kipenyo cha karibu milimita 834. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, tairi hiyo inazunguka karibu mara 11 kwa sekunde. Propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka zaidi kwa kadiri ya uwiano wa difu, na kwa difu ya 4.1 inafika karibu mara 44. Krosi (viungo vya ncha za propela) zilizokaa kwa pembe mbaya hutikisa mara mbili katika kila mzunguko, yaani karibu mara 90 kwa sekunde. Ndiyo maana mtikiso wa tairi ni mzito, unaweza karibu kuuhesabu, na kioo cha ndani kinachezacheza. Wa propela ni mwembamba na wa haraka, unapanda kwenye sakafu na kiti kama simu inayoita mfukoni, mara nyingi pamoja na mvumo.

Usisahau kwamba tairi kubwa inafanya spidomita isome pungufu. Ukitoka 265/65R17 kwenda 285/75R16 kipenyo kimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 7, hivyo sindano ikiwa 90 gari linakwenda karibu na 97.

Jaribio la barabarani

Chagua kipande tambarare na kilichonyooka, kama vile kati ya Igawa na Igurusi, asubuhi kabla malori ya Tunduma hayajajaa, na nje ya vijiji vyenye kibao cha 50. Upepo wa tairi uwe sawa kwanza. Aliyeshusha hadi psi 18 kwa ajili ya tope na akasahau kujaza asitafute ugonjwa mwingine. Tairi zikilala usiku wa baridi ya Makete au Njombe mwezi Juni, hasa za nailoni, zinapata bapa pale zilipokanyaga, na gari litatikisika hadi zipate joto. Endesha kilomita 15 hadi 20 kabla hujahukumu.

Kisha panda polepole hadi mwendo ambao mtetemo unatokea, na uangalie mambo haya:

- Usukani ukitikisika zaidi, anza na magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitikisika zaidi, anza nyuma.
- Badilisha gia huku mwendo ukibaki uleule. Mtetemo ukibadilika pamoja na mzunguko wa injini, angalia maunti za injini na klachi, tairi hazihusiki.
- Kanyaga mafuta, kisha achia. Tairi mbovu haijali sana, lakini krosi, pembe ya propela na joint za eksli za mbele hubadilika mara moja.
- Ukitokea wakati wa breki tu, tatizo ni diski au dramu.
- Weka nyutro sekunde chache. Ukibaki vilevile, umebaki na magurudumu na propela.

Jaribio la nyutro lifanyike kwenye tambarare tu, injini ikiwaka. Kwenye mteremko wa Kitonga gari libaki kwenye gia.

Osha kabla ya kubalansi

Tope likikauka ndani ya rimu, upande wa breki usioonekana, linatosha kutikisa gari zima. Gari lililotoka Kitulo au Tukuyu linaweza kubeba nusu kilo ya udongo kwenye rimu moja, na balansi ya juzi inakuwa haina maana. Lala chini, kwangua kwa kijiti, piga maji ndani ya kila rimu na juu ya propela. Endesha tena. Magari mengi yanapona hapa, kwa gharama ya maji.

Kama bado, nenda kubalansi, na usikae mbali ukisubiri kuitwa. Tairi za matope ni nzito, na kosa dogo la kufunga rimu kwenye mashine linazaa kosa kubwa. Rimu ishikwe kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati, na uso wa rimu uwe umefutwa kutu na udongo. Mashine ikisoma sifuri, mwombe fundi alegeze, azungushe rimu nusu mzunguko, afunge tena na apime upya. Namba zikirudi zaidi ya gramu 10, rimu haikukaa katikati na balansi ile si ya kweli. Hili jaribio linachukua dakika moja. Fundi anayelikataa, mwachie.

Rimu ikitaka vizito vya zaidi ya gramu 150, usikubali vizito vibandikwe tu. Tairi itolewe upepo, izungushwe nusu mzunguko juu ya rimu, ijazwe na kupimwa upya. Tairi mpya yenye doa la njano, doa hilo likae mbele ya valvu, kwa kuwa linaonyesha upande mwepesi wa tairi.

Balansi haiponyi tairi isiyo duara. Inua gurudumu, weka kipande cha mbao karibu na uso wa tairi, zungusha kwa mkono na uangalie nafasi inavyofunguka na kufunga. Ikizidi milimita 1.5 hivi, rudia kwenye rimu yenyewe, ambayo isizidi milimita 1. Rimu ikiwa nzuri, tairi ndiyo mbovu, na ikiwa na uvimbe isirudi barabarani.

Rimu za kununua mtaani zina mtego wake. Habu ya Hilux na Prado ina kipenyo cha milimita 106, lakini rimu nyingi za bolti sita zina tundu la 110 kwa sababu zinauzwa pia kwa Nissan Patrol. Zinaingia, ila hakuna kinachozishika katikati isipokuwa nati. Tumia nati zenye koni inayolingana na rimu. Nati za rimu za aloi za kiwandani za Toyota, zenye shingo na washa bapa, hazifai kwenye rimu ya koni. Kaza kwa kuvukisha (nati moja, kisha ya upande wa pili), gurudumu likiwa hewani, kisha malizia chini kwa kati ya Nm 105 na 113 kwa bolti za milimita 12, na urudie baada ya kilomita 100.

Kabla ya kuondoka kwenye magurudumu, hamisha ya mbele nyuma. Mtetemo ukihama nayo, umempata. (Alaimenti haitibu mtetemo. Inatibu gari kuvuta upande na tairi kulika.)

Propela

Ukiinua gari, difu inabaki chini na giaboksi inapanda, pembe ya propela inakuwa kali. Inchi 2 mara nyingi zinavumilika, inchi 4 zinahitaji marekebisho.

Zuia magurudumu kwa kabari, weka nyutro, shika propela na uitikise juu chini na kwa kuizungusha. Krosi ikicheza hata kidogo, au ikitoa unga mwekundu wa kutu, imekwisha. Angalia kama imebonyea au kama kipande cha balansi kilichochomelewa kimedondoka. Angalia pia nira (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili: kwenye propela ya kawaida zinatakiwa kulala sambamba. Propela ikichomolewa ili kupakwa grisi na kurudishwa jino moja pembeni, itatikisa milele. Weka alama ya rangi kabla ya kuichomoa.

Pembe ipimwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki. Programu ya pima maji ya simu inatosha. Pima flanji (uso inapofungwa propela) ya transfa kesi, yaani boksi la 4x4, na flanji ya difu. Kama kuna krosi moja kila ncha, nyuso hizo mbili ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1. Kama upande wa transfa una krosi mbili, difu ielekee moja kwa moja kwenye propela, ikiwa chini kwa digrii 1 au 2, kwani ukikanyaga mafuta eksli inajipinda na kuinua pua ya difu. Gari linalobeba mchele wa Ubaruku lipimwe likiwa na mzigo wake. Marekebisho ya springi za majani ni kabari za chuma kati ya springi na eksli. Hilux yenye propela vipande viwili huenda ikahitaji kushusha beringi ya katikati.

Ili kujua kama ni propela ya mbele: kwenye gari la part-time (magurudumu ya mbele huvuta ukiyaunga tu), fungua free-wheel hub za magurudumu ya mbele na utembee 2H, yaani kwa kuvuta nyuma tu, propela hiyo itasimama. Kwenye full-time (yanavuta yote muda wote), toa propela hiyo, funga difu ya katikati, jaribu umbali mfupi. Propela ikiwa imetolewa, gia ya P inaweza isishike gari, hivyo weka kabari kila unapoegesha.

Usukani unaopiga kwa nguvu

Kuna hali tofauti: gari lenye eksli nzima mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, linagonga tuta au kiraka likiwa 60 hadi 90, na usukani unaanza kupiga kushoto na kulia bila kukoma. Hapo shika kwa nguvu, achia mafuta, punguza mwendo taratibu.

Gari likisimama, mtu mmoja achezeshe usukani huku mwingine akiwa chini anaangalia bushi za panhadi rodi (fimbo inayozuia eksli kwenda kando), tai rodi na beringi za kingipini (egemeo ambalo gurudumu hukatia kona). Gurudumu likicheza juu chini, ni beringi. Kushoto kulia, ni tai rodi. Kwenye gari la springi za koili angalia pia kasta (pembe ya kingipini kuegemea nyuma), kwani kuinua huipunguza. Ukirudisha kasta kwa kuzungusha eksli, pua ya difu ya mbele inashuka na krosi ya mbele inapata pembe kali zaidi, kwa hiyo pima vyote viwili pamoja. Stelingi dampa mpya inanyamazisha tu ule mchezo kwa muda, huku bushi na beringi zikiendelea kulika.