Unaenda Plockton? Soma hii kabla hujafunga begi

Plockton ni kijiji kidogo cha pwani, magharibi mwa Uskoti, na ukiona picha zake unaweza kuapa ni Pangani maana kando ya maji kuna miti kama minazi kabisa. Sio minazi bana, ni mti wa New Zealand tu umekubali pale sababu mkondo wa bahari unaleta vuguvugu, so usije ukadanganyika ukabeba kaptula na ndala, koti la mvua ndo liwe la kwanza kwenye begi. Mwavuli uache, upepo utaugeuza siku hiyohiyo.

Viza ni ya Uingereza, Uskoti haina yake na ya Schengen haikuingizi.

Sasa visubi. Juni mpaka Agosti ndo msimu wao, hawaleti malaria ila wanakula mtu vibaya mno, upepo ukivuma huwaoni, ukitulia tu jioni au asubuhi kukiwa na unyevu wanatoka kama moshi. Beba dawa ya kupaka na kile kineti cha kichwani, utaonekana kituko lakini utalala bila kujikuna. Mimi ningeenda Mei.

Jua la mwezi wa sita linazama saa nne usiku na kitu na linachomoza kama saa kumi na nusu alfajiri, kwa hiyo kama unaswali pakua ratiba ya palepale, na kitambaa cha kufunika macho usisahau. Desemba ni kinyume, saa kumi jioni giza tayari.

Maji yakipwa unaweza kutembea kwa mguu mpaka kwenye visiwa vidogo vya ghubani, raha sana, ila angalia kwanza saa ya kujaa. Wa pwani mnajua bamvua, wa bara msijifanye mnajua.

Chumba bukini mapema, vitanda ni vichache. Chakula cha usiku usichelewe, jiko likifungwa limefungwa, na wale kamba wa pale usiwaache. Noti za benki za Uskoti zimalizie hukohuko, maduka ya London mengine yanazikodolea macho.

Treni inatoka Inverness, masaa mawili na ushee, kaa upande wa dirisha. Kwa siku ni chache na Jumapili zinapungua zaidi, kwa hiyo ya kurudi iangalie kabla hujapanda ya kwenda.