SOMO: Kuyatambua mawe ya mtoni (soma kabla ya kutuma picha)

Wakuu, kila wiki natumiwa picha ya jiwe lililolowa kiganjani: "hili jiwe gani?" Naandika mara moja, nikiulizwa tena nawaelekeza hapa.

1. Okota pakavu. Usiingie majini, kichocho kipo.

2. Osha, anika likauke kabisa. Jiwe likilowa rangi hukolea, linakudanganya.

3. Tazama kona. Zikiwa kali, halijafika mbali na mwamba wake. Zikiwa zimelika, limegongana na wenzake safari ndefu.

4. Kwaruza kwa ncha ya kisu. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliokota jiwe jeupe kando ya mto Simiyu, nikapitisha kisu, ukabaki mstari wa kijivu. Nikatangaza kuwa ni chokaa. Kumbe kwazi (quartz)! Kwazi ni gumu kuliko kisu. Kilicholika ni kisu, na mstari ule ni unga wa chuma. Kwa hiyo lowesha kidole, futa, kisha pitisha ukucha. Mstari ukifutika, jiwe limeshinda. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, kisu kimeshinda. Rudia sehemu nyingine, maana ngozi ya nje huweza kuwa imeoza na moyo bado mgumu. Liweke mezani, usilishike mkononi: linateleza, kisu kinaishia kwenye kidole.

5. Limekwaruzika? Dondoshea ndimu kwenye unga wa jiwe uliotoka. Chokaa hutoa povu.

6. Lina madoadoa? Huenda ni itale (graniti), mwamba uleule wa Jiwe la Bismarck pale Mwanza: kwazi kama kioo, madini ya feldispa ya pinki au nyeupe, na ulanga (mica) unaometa.

MASWALI

— Mkuu, langu linameta. Dhahabu?
Umefanya hatua ya 4?

— Bado.
Fanya kwanza.

— Nimefanya. Vinabanduka kama magamba ya sato.
Huo ni ulanga. Dhahabu hubonyea, haibanduki. Umeangalia vizuri.

— Mbona ya ufukweni naona ni bapa kuliko ya mtoni?
Swali zuri sana. Mto huliviringisha jiwe kuelekea upande mmoja. Wimbi hulisukuma na kulivuta, likateleza kwa tumbo. Ila jiwe la matabaka huanza bapa tangu linapomeguka, kwa hiyo linganisha kwazi kwa kwazi. Okota kumi kila upande, uyapange mezani, utuletee majibu.

— Nataka kuyapanga kwenye jiko la kuchomea samaki.
Usithubutu. Maji yaliyojificha kwenye nyufa hugeuka mvuke, jiwe linapasuka na vipande vinaruka machoni. Tumia tofali za kuchoma, kavu.

— Bibi yangu Ukerewe ana jiwe jeusi la kusugulia visigino, lina vitundu. La mtoni?
Muulize alilitoa wapi. Kisha nitumie picha, likiwa kavu.