Kutafuta Kanga za Zamani na Kuzishonea Foronya Nyumbani

Anayetaka kanga za zamani asianzie madukani. Maduka ya Biashara Street kule Mombasa, ya Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo na ya Darajani Unguja yanauza mzigo mpya, na mwenye duka hana sababu ya kuhifadhi doti za miaka 40 iliyopita wakati wateja wake wanaulizia toleo la wiki hii. Kanga za zamani zimo majumbani. Kanga huanza maisha yake ikivaliwa harusini, ikashuka ikawa ya kushindia, kisha mbeleko, kisha winda la mtoto, na mwisho ikaishia jikoni kama tambara la kupigia deki. Kwa hiyo pa kutafuta ni pawili: chini kabisa ya sanduku la bibi, ambako huwekwa zile ambazo hazikuteremshwa ngazi hizo, na nyuma ya mlango wa jikoni, ambako zimetundikwa zile zilizofika mwisho wa safari. Mafundi cherehani nao wanafaa kuulizwa, kwa sababu wengi wao wana mfuko wa vipande uliojaa kwa miaka mingi bila mtu kuufungua.

Kwa wenye sanduku, heshima hutangulia. Kanga si nguo tu. Mara nyingi ni zawadi yenye aliyeitoa na siku iliyotolewa, na wakati mwingine ni ya marehemu. Nilipomwomba mama yangu mkubwa wa Tanga anifungulie sanduku lake, nilikaa mkekani tangu alasiri hadi magharibi, akitoa moja moja na kunieleza. Nilipoinyooshea mkono moja ya rangi ya zambarau, alisema, "Hiyo iache mwanangu, hiyo nilitokea nayo arobaini ya kaka yako." Niliondoka na nne, zote zimetoboka, nazo zilinitosha. Ni vyema ukaomba zile zilizochakaa kwanza. Zilizo nzima, ikiwa mwenyewe ataona zinafaa kutoka, zitakuja baadaye.

Kabla ya mkasi kuguswa, chunguza unachokishika. Kanga moja huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110, ikiwa na pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, juu ya pindo la chini. Huuzwa mbili mbili zikiwa zimeshikana, nazo mbili hizo ndizo doti. Mnunuzi ndiye hukata na kupinda ncha. Tazama basi zile ncha zilizokatwa. Ukikuta zimepindwa kwa mkono, kwa mishono midogo isiyolingana sana, jua kwamba mtu aliketi na kuzishughulikia, na mkunjo huo unastahili kubaki katika kazi yako mpya badala ya kufumuliwa.

Umri hujulikana kwa dalili ndogo ndogo. Jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu huashiria kanga ya kale, kwa kuwa herufi za Kirumi ndizo zilizokuja kutawala baadaye. Maandishi yanayotaja Tanzania hayawezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1964, jina hilo lilipochukuliwa baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, na kanga ya kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, haitangulii mwaka 1968 kilipofunguliwa. Wengi hudanganyika na alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Alama hiyo ni ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa na ni ya siku nyingi kweli, lakini hadi leo inaendelea kuchapwa, kwa hiyo peke yake haithibitishi chochote.

Zipo za kutokatwa kabisa: doti ambayo haijatenganishwa, kisutu cha harusi cha nyekundu, nyeusi na nyeupe kikiwa bado kizima, yenye herufi za Kiarabu, na zile za kumbukumbu zenye picha za viongozi au tarehe za taifa. Hizo zikunje na uzihifadhi. Kata zile zenye matundu, zilizopauka upande mmoja kwa jua, au zilizobaki nusu, maana hizo hazina pengine pa kwenda isipokuwa kwenye ndoo ya deki.

Inayofuata ni kupima nguvu ya kitambaa. Kiinue mbele ya dirisha: palipopwaya pataonyesha mwanga kama chujio. Shika sehemu hiyo kwa vidole gumba viwili na uvute kidogo kidogo. Ikilia mlio mdogo wa nyuzi kukatika, usiitegemee kwa kazi ya kukaliwa. Ikiwa una shaka kama ni pamba tupu, chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni na uziunguze juu ya sahani ya bati. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ilhali polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kufua ndiko kunakoharibu kanga nyingi kuliko uzee wenyewe. Lowesha kitambaa cheupe, kikandamize juu ya rangi nyekundu na nyeusi kwa dakika moja, kisha kitazame. Kikichafuka, kanga hiyo ifuliwe peke yake, kwa maji baridi na sabuni kidogo, na isiachwe ikilowekwa. Utaambiwa utie chumvi au siki ili rangi ishike. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi kwa kumtii mkubwa aliyeniambia, na maji yakaendelea kuwa mekundu vilevile. Jiki isikaribie kabisa, kwa sababu hula nyuzi za pamba ambazo tayari ni dhaifu. Usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya taulo, ikandamize, kisha uianike kivulini.

Kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni foronya ya mto wa kochi wa sentimita 45 kwa 45, ambayo haihitaji zipu wala vifungo. Kwa kuwa kanga ya zamani haina nguvu ya kuhimili mgongo wa mtu peke yake, ipatie mgongo wa kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe isiyo na urembo ambayo jina lake ni ukumbusho wa pamba iliyokuwa ikiletwa pwani kutoka Marekani katika karne ya 19. Fua marekani kwanza, maana hurudi sana. Kata kipande cha mbele cha sentimita 47 kwa 47 kutoka kwenye kanga, na kingine kama hicho cha marekani. Viweke pamoja, kanga juu, uvipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kuzunguka ukingo na kukatiza katikati, ili visitembee kwenye cherehani.

Kwa upande wa nyuma, kata vipande viwili vya sentimita 47 kwa 32. Kanga ikikupungukia, marekani inatosha. Kila kimoja kipinde kwenye ukingo mmoja mrefu, kwanza sentimita 1 kisha sentimita 2, upige pasi na kushona. Laza kile cha mbele kanga ikikutazama, uweke vile viwili juu yake, uso kwa uso, pindo zao zikipishana katikati kwa sentimita 11 hivi. Shona pande zote nne ukiacha sentimita 1 ya mshono, na pale zinapopishana pita mara mbili, kwa sababu hapo ndipo foronya hupasuka mto unapoingizwa. Kata ncha za kona bila kugusa mshono, ugeuze kupitia ule mlango wa nyuma, na usukume kona kwa mwiko wa mti. Sindano ya cherehani iwe nyembamba na mpya, na uzi uwe wa pamba, kwani uzi wa nailoni hukata kitambaa kilichochoka kama wembe.

Suala la jina linahitaji utulivu. Mara nyingi maneno ni marefu kuliko mto. Foronya yangu ya kwanza niliikata kwa kufuata maua, bila kupima maneno, kutoka kwenye kanga iliyosema "Japo sipati tamaa sikati". Nilipomaliza, mto uliokaa sebuleni ulitangaza kwa herufi kubwa "Japo sipati tamaa", na wageni walipita wakinitazama kwa huruma. Pima jina kwa futi kabla ya kuchora kwa chaki. Likizidi upana wa mto, shona mto mrefu wa kulalia kiunoni, au likate lote kama ukanda, ulishone juu ya marekani na ulitie kwenye fremu ya ukutani, mbali na jua la moja kwa moja. Matundu yaliyo karibu na maneno yafunike kwa nyuma kwa kiraka kidogo cha kanga ileile, kwa mishono mifupi ya uzi wa rangi ya mji, wala usihangaike kuyaficha kabisa.

Vilivyobaki vyote, hata vilivyopwaya, vina kazi. Chana mikanda ya sentimita 3 kwa kufuata uzi wa kitambaa, suka mitatu mitatu kama nywele, ukiunga mkanda mpya kila mmoja unapoisha katika sehemu tofauti, kisha uzungushe msuko huo juu ya meza bapa kuanzia katikati, ukishona ubavu kwa ubavu kwa uzi mzito. Usivute sana, la sivyo utapata bakuli badala ya mkeka wa mlangoni. Kanga mbili zilizokwisha kabisa hutoa kimkeka kimoja cha kuwekea chungu cha moto mezani na kuacha mikanda ya kuanzia kingine.