Kubanika Nyama kwa Moshi Nyumbani: Hatua Nilizojifunza kwa Kuharibu

Kuchoma nyama juu ya makaa na kuibanika kwa moshi ni kazi mbili tofauti, hata kama jiko ni lilelile. Katika kuchoma, moto mkali huipiga nyama kwa dakika chache. Katika kubanika kwa moshi, nyama hukaa kando ya makaa, ndani ya jiko lililofunikwa, katika nyuzijoto 107 hadi 121 za Selsiasi, kwa saa nyingi. Nilipoanza nilidhani siri imo kwenye viungo. Baada ya kuharibu vipande vya kutosha, niligundua kwamba makosa yangu karibu yote yalitokana na mkono usiotulia: kufunua jiko kila mara, kuongeza kuni zisizohitajika na kugeuza nyama isiyotaka kugeuzwa.

Maelezo haya yanahusu jiko la mkaa lenye mfuniko, lenye matundu ya hewa chini na juu.

Hatua ya 1: Chagua kipande kigumu

Moto wa polepole unafaa nyama ya misuli iliyofanya kazi nyingi, kama vile kidari au bega la ng'ombe, kwa kuwa ina kolajeni nyingi, yaani protini ngumu inayoshikilia misuli, ambayo kwa joto la muda mrefu huyeyuka na kuwa jelatini, ute laini, na hiyo ndiyo inayoifanya nyama iliyoiva iwe laini na yenye majimaji. Sarara haina kolajeni ya kutosha, kwa hiyo kuiweka saa nane kwenye moshi ni kuikausha tu. Anayeanza anaweza kujifunzia mapaja ya kuku, ambayo husamehe makosa mengi na huiva kwa muda mfupi.

Hatua ya 2: Tia chumvi mapema

Gramu 15 za chumvi kwa kilo moja ya nyama zinatosha. Ipake siku moja kabla na uiache nyama kwenye friji bila kuifunika, ili chumvi ivute maji, iyeyuke ndani yake, kisha irudi taratibu ndani ya nyama. Pilipili manga na viungo vingine vinaweza kungoja hadi asubuhi.

Hatua ya 3: Panga moto, kisha uuache

Panga mkaa kwa umbo la mwezi mchanga kufuata ukingo wa jiko, uwashe ncha moja tu, na moto utatembea wenyewe kuelekea ncha ya pili kwa saa kadhaa. Upande usio na mkaa weka sinia la maji, na nyama ikae kwenye wavu juu yake. Maji hayo hupunguza kupandapanda kwa joto, na sinia hupokea mafuta yanayodondoka. Tundu la juu liache wazi, na udhibiti joto kwa tundu la chini. Ukilisogeza, lisogeze kidogo na usubiri dakika 15 kabla ya kuligusa tena, kwa sababu jiko huchelewa kuitikia, na asiyesubiri hujikuta anafukuzana na joto mchana kutwa.

Kuni ziwe za mti mgumu, zikavu, zisizo na rangi wala dawa ya kuhifadhia mbao. Msonobari haufai kwa sababu ya utomvu wake. Vipande vitatu au vinne vya ukubwa wa ngumi, vikiwekwa juu ya mkaa, vinatosha kwa kazi nzima. Mimi niliweka kumi na viwili mara ya kwanza, nikaziba matundu ili moshi usipotee, na nyama ikatoka nyeusi, chungu, ikiacha ganzi ulimini. Moshi mzito mweupe unaoendelea kutoka ni dalili ya kuni zinazoungua nusunusu kwa kukosa hewa, na huacha kriosoti, masizi machungu yenye kunata, juu ya nyama. Unaotakiwa ni moshi mwembamba wenye ubuluu hafifu, ambao pengine utaunusa kabla ya kuuona. Wapo wanaoloweka kuni usiku kucha. Maji hulowesha sehemu ya nje tu, na kazi yake ni kuchelewesha moto.

Hatua ya 4: Amini kipimajoto, ila kwanza kipime

Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama ndicho kifaa pekee ambacho singekubali kukosa. Kitumbukize kwenye maji yenye barafu nyingi: kisome 0. Kile kilichofungwa kwenye mfuniko hupima hewa ya juu, mbali na nyama; changu kilitofautiana na joto la kwenye wavu kwa nyuzi 20 hivi, nami nilikuwa nikikitii.

Hatua ya 5: Vumilia pale joto linapokwama

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Joto la ndani ya kipande kikubwa hupanda vizuri hadi kwenye 65 au 70, kisha husimama, wakati mwingine kwa saa nne au zaidi. Mara ya kwanza nilidhani moto umezimika, nikamwaga mkaa mpya, na upande mmoja ukaungua. Kumbe nyama ilikuwa inatoa jasho: maji yanayovukizwa juu yake huipoza kwa kiasi kilekile ambacho jiko linaipasha. Ukipenda, subiri tu. Ukiwa na haraka, izungushie foili au karatasi ya kuokea mara gamba la nje linapopata rangi uitakayo; uvukizi utapungua na joto litaanza kupanda tena. Foili huharakisha zaidi, lakini hulainisha gamba, ndiyo maana mimi huchagua karatasi.

Hatua ya 6: Iva, pumzisha, kata

Kidari na bega huwa tayari kati ya 93 na 96, lakini namba hiyo ni mwaliko wa kujaribu tu: sindano ya kipimajoto ipite bila kukwama. Kuku afike 74 na nyama ya kusaga 71, kwa ajili ya usalama. Usitegemee rangi, kwani moshi huacha utepe mwekundu chini ya gamba hata kwa nyama iliyoiva kabisa. Ni gesi za moto zilizoungana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake, na utepe huo hauongezi ladha yoyote.

Ipumzishe ikiwa imefungwa kwa saa moja au zaidi, isishuke chini ya 60, kisha uikate kwa kukingama nyuzi zake. Kinachobaki kiingie frijini ndani ya saa mbili.

Hatua ya 7: Zima jiko

Kazi yote hufanyika nje, kwa kuwa mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Funga matundu yote, mkaa uzimike kwa kukosa hewa, na majivu yakae siku nzima kabla ya kuyahamishia kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Mkaa uliosalia uchekeche; utawaka tena safari ijayo.